Kipande Kilichobaki Maabara: Uvimbe wa Mtoto na Kipimo cha Jeni

Ukiwa jikoni, punguza moto kidogo uketi. Ukiwa unalea mjukuu, mpwa au mtoto wa jirani, mazungumzo haya ni yako vilevile, kwa maana anayemlea mtoto ndiye anayempeleka hospitali.

Leo tunazungumza juu ya kitu kidogo, pengine hakizidi punje ya mahindi. Ni kipande cha nyama ambacho daktari hukata kwenye uvimbe wa mtoto ili kipimwe. Wazazi wengi hukisahau mara tu kidonda kinapofungwa bandeji. Lakini kipande hicho hakipaswi kutupwa. Huhifadhiwa, na kinaweza kupimwa upya baada ya miezi, hata baada ya miaka. Katika saratani kadhaa zilizo ndugu wa saratani ya damu, majibu yake yanaweza kuamua mtoto atapewa dawa gani.

Mtoto anapotoka nyumbani kuja Nairobi

Tuseme unaishi Kangemi. Dada yako aliye nyumbani, karibu na Ziwa Viktoria, anakupigia simu. Mtoto wake wa miaka sita alilalamika jino. Jino likalegea, likang'olewa, lakini shavu likaendelea kuvimba. Baada ya wiki mbili uso umeenda upande. Hospitali ya kwanza ikamkata kipande cha nyama kwenye uvimbe, kisha ikampa barua ya rufaa aje Nairobi.

Anafika mjini alfajiri na basi la usiku. Unampokea, mnapanda matatu hadi Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, kule Upper Hill. Daktari anasoma barua, anamtazama mtoto, kisha anauliza, "Kile kipande kilichokatwa kiko wapi? Namba yake ni ngapi?" Wewe na dada yako mnatazamana. Hakuna anayejua. Kama hakipatikani, huenda mtoto akakatwa mara ya pili, na siku zinapita huku uvimbe unakua.

Hii ndiyo sababu ya mazungumzo ya leo. Tunataka daktari akiuliza swali hilo, wewe uwe na jibu.

Magonjwa yanayofanana kwa sura

Uvimbe wa taya au wa jicho kwa mtoto unaweza kuwa jipu la jino. Unaweza pia kuwa saratani. Na saratani zenyewe ni za aina nyingi. Tutazitaja mbili.

Ya kwanza ni limfoma ya Burkitt. Huanza katika chembechembe nyeupe za damu, zile ambazo kazi yake ni kutengeneza kingamwili za kupigana na maradhi. Huwapata zaidi watoto wa sehemu zenye malaria mwaka mzima, kama vile kandokando ya Ziwa Viktoria na Pwani. Hutokea kwenye taya, karibu na jicho, au tumboni. Ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kuliko zote: uvimbe unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Seli zake zikijaa ndani ya uboho wa mifupa, ugonjwa huo huhesabiwa kuwa saratani ya damu.

Ya pili ni adimu zaidi. Huitwa sarkoma ya mieloidi. Hii ni saratani ya damu iliyotoka nje ya uboho na kufanya uvimbe, na kwa watoto mara nyingi hujitokeza karibu na jicho. Ukiukata, wakati mwingine nyama yake huwa na rangi ya kijani. Mwaka 1965 madaktari wa Kampala, Davies na Owor, waliandika kuhusu watoto wa Uganda waliokuwa na uvimbe wa namna hii. Jambo la kuangalia ni kwamba uvimbe unaweza kutangulia, na vipimo vya kawaida vya damu bado vikaonekana vizuri. Kwa hiyo usirudi nyumbani ukiwa umetulia kwa sababu tu umeambiwa damu iko sawa, ikiwa jicho la mtoto linaendelea kutokeza nje.

Mama, watoto hawa wawili wakiketi pamoja kwenye benchi la kliniki, huenda usiweze kuwatofautisha kwa macho. Lakini dawa zao si zile zile. Dawa zinazomponya wa kwanza hazimtoshi wa pili. Ndiyo maana daktari hatibu sura ya uvimbe. Anatibu kile kilichoonekana ndani ya kipande.

Kipande kinahifadhiwa vipi?

Kipande kikishakatwa huwekwa ndani ya chupa yenye fomalini. Hii ni dawa ya maji yenye harufu kali inayochoma macho, na kazi yake ni kuzuia nyama isioze. Fomalini inatakiwa iwe nyingi, kama mara kumi ya ukubwa wa kipande. Kipande kikiachwa kikauke, kikitiwa katika maji ya kawaida, au kikikaa humo fomalini kwa siku nyingi kupita kiasi, vipimo vya baadaye huharibika. Hospitali nyingine humkabidhi mzazi chupa aipeleke maabara mwenyewe. Ukikabidhiwa, ipeleke siku hiyo hiyo. Usipitie sokoni kwanza, usiiweke kwenye friji, usiifungue, na iwe mbali na watoto kwa kuwa fomalini ni sumu.

Maabara hukausha maji yote yaliyo katika kipande, kisha hukizamisha ndani ya nta iliyoyeyushwa, inayofanana na ya mshumaa. Nta ikipoa, kipande kinakuwa kimefungwa ndani ya kibonge kigumu kidogo. Watu wa maabara hukiita bloku. Kutoka kwenye kibonge hicho fundi hukata utando mwembamba sana, wa sehemu tatu hadi tano kwa elfu moja za milimita. Utando huwekwa juu ya kioo, hutiwa rangi, na daktari wa patholojia huutazama kwa hadubini.

Sasa sikiliza vizuri. Kibonge kimoja hutoa tando nyingi. Ule wa kwanza ukishatazamwa, kibonge hurudishwa kwenye droo kikiwa na namba yake. Mtoto haitaji kukatwa tena ili kipimo kingine kifanywe, mradi kibonge kipo na nyama iliyomo inatosha.

Jeni ni nini, na hitilafu iko wapi?

Ndani ya kila seli ya mwili mna maagizo ya kuiendesha. Agizo moja moja huitwa jeni. Jeni zimepangwa kwenye nyuzi ziitwazo kromosomu, na binadamu ana kromosomu 46, yaani jozi 23.

Mojawapo ya jeni hizo huitwa MYC, na iko kwenye kromosomu ya 8. Huiambia seli igawanyike, kisha hunyamaza kazi ikiisha. Ni kama taa ya chumbani kwako: unaiwasha jioni na kuizima ukilala. Katika limfoma ya Burkitt, kromosomu ya 8 hukatika na kipande chake huhamia mahali pengine, mara nyingi kwenye kromosomu ya 14. Huko MYC hujikuta kando ya jeni za kingamwili, ambazo katika seli hizo hazipumziki. Ni sawa na mtu kuichukua taa yako ya chumbani na kuiunganisha na waya wa mulika mwizi, ile taa ndefu ya mtaani. Inawaka usiku kucha, na swichi haiko mikononi mwako. Seli hugawanyika bila kukoma, na hapo uvimbe huanza kukua.

Ujuzi huu una mizizi hapa kwetu. Mwaka 1958 daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, Denis Burkitt, aliandika kuhusu uvimbe wa taya aliouona kwa watoto wa Uganda. Vipande vya uvimbe huo vilisafirishwa kwa ndege hadi London, na mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake, Yvonne Barr na Bert Achong, wakatangaza kwamba wameona kirusi ndani ya seli zake. Ndicho leo kinachoitwa kirusi cha Epstein-Barr. Hapa Nairobi, katika miaka ya 1960, Dkt. Peter Clifford wa Hospitali ya Kenyatta aliwatibu watoto wenye ugonjwa huo kwa dawa, na akashirikiana na wanasayansi wa Stockholm, Sweden, waliochunguza vipande vya uvimbe kutoka kwa wagonjwa wa huku. Huko Sweden, mwaka 1972, kromosomu ya 14 ilionekana ikiwa na sehemu ya ziada. Mwaka 1976 ikajulikana kwamba sehemu hiyo imetoka kwenye kromosomu ya 8. Mwaka 1982 jeni ya MYC ikatambuliwa mahali pale pale palipokatika.

Enzi hizo ilibidi seli ziwe hai ili kromosomu zionekane, na ndiyo maana vipande vilikimbizwa kwa ndege. Leo kipo kipimo kinachoweza kufanywa juu ya utando uliokatwa kwenye kibonge cha nta, hata kama nyama ilikufa zamani. Huitwa kipimo cha FISH. Fundi huweka alama mbili zinazong'aa, moja nyekundu na nyingine ya kijani, pande mbili za jeni ya MYC. Jeni ikiwa nzima, rangi hizo huonekana pamoja kama shanga mbili zilizofungwa kwenye fundo moja. Jeni ikiwa imekatika, nyekundu huonekana huku na kijani kule. Kwa njia kama hiyo hutafutwa pia hitilafu za sarkoma ya mieloidi, mojawapo ikiwa ni kubadilishana vipande kwa kromosomu ya 8 na ya 21.

Je, ni kosa la mama?

Hapa tutasimama kidogo, kwa sababu neno hili limevunja nyumba nyingi. Mama akiambiwa kwamba mtoto wake ana hitilafu ya jeni, wengine humgeukia na kuuliza, "Kwenu kuna ugonjwa huu?" Shangazi wananong'ona. Baba anatafuta chanzo katika ukoo wa mke, na mke anatafuta katika ukoo wa mume.

Mama, kukatika kwa kromosomu tulikokueleza hutokea ndani ya seli moja ya mtoto baada ya mimba kutungwa. Hakukutoka kwako wala kwa baba yake. Kumo ndani ya uvimbe, hakumo katika mwili wote wa mtoto. Kipimo cha kibonge kinapima uvimbe, hakipimi ukoo. Hakisemi chochote kuhusu nani ni baba wa mtoto, wala hakisemi kwamba ndugu zake wataugua. Kile kirusi cha Epstein-Barr nacho huenea kwa mate, na karibu kila mtu amekipata wakati fulani maishani. Watoto wengi hukipata na hawapati saratani. Hakuna chakula ulichomnyima wala laana uliyoileta.

Kama unao mtu nyumbani anayehitaji kusikia maneno haya, tafadhali mwongezee sauti ya redio, au msomee ukurasa huu.

Kipimo cha jeni kinahitajika lini?

Si kila mtoto anakihitaji, na matibabu yasisimame kukisubiri. Mara nyingi daktari wa patholojia huutambua ugonjwa kwa hadubini na kwa rangi maalumu zinazoonyesha aina ya seli. Kwa ugonjwa unaokua maradufu kwa siku mbili, wiki moja ya kungoja ni ndefu. Daktari akikuambia matibabu yaanze leo, yaanze leo. Kibonge kitasubiri.

Kipimo cha jeni husaidia zaidi pale ambapo madaktari hawajakubaliana ni saratani gani, pale ambapo dawa zimetolewa lakini uvimbe haupungui, au pale ambapo ugonjwa umerudi baada ya kupona. Si kila maabara ina vifaa vyake, kwa hiyo kibonge kinaweza kupelekwa maabara nyingine mjini, na wakati mwingine nje ya nchi.

Ujue pia kwamba jibu linaweza kurudi likisema kipande hakikusomeka. Huenda fomalini haikutosha, au nyama ilikuwa na mfupa ikalainishwa kwa asidi, na asidi huharibu jeni. Jibu hilo halina maana kwamba mtoto hana ugonjwa. Maana yake ni kwamba swali bado halijajibiwa. Muulize daktari hatua inayofuata.

Ufanye nini wewe mzazi au mlezi?

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi nunua daftari dogo la kurasa thelathini na mbili, liwe la mtoto huyu peke yake, na ufanye haya:

1. Mtoto akivimba taya, jino likalegea bila sababu, au jicho likatokeza nje, usingoje wiki ipite. Nenda kituo cha afya. Uvimbe usipopungua baada ya jino kung'olewa, rudi mara moja. Usimchanje wala kumkanda.

2. Mtoto akikatwa kipande, andika tarehe, jina la hospitali, mahali kilipokatwa, na maabara kilipopelekwa.

3. Majibu yakitoka, omba nakala ya karatasi. Juu yake pana namba ya maabara. Iandike kwenye daftari, na pia uipige picha kwa simu.

4. Ukipewa rufaa kwenda hospitali nyingine, kabla ya kupanda basi uliza, "Naweza kwenda na kibonge cha nta na vioo vyake, au mtavituma ninyi?" Ukikabidhiwa, utatia sahihi. Kifunge vizuri, kisikae juani wala karibu na injini ya gari, maana nta huyeyuka.

5. Kipimo kikiisha, uliza kibonge kilichobaki kitahifadhiwa wapi.

Kuhusu idhini na malipo

Kabla ya kipimo cha jeni, mzazi au mlezi halali huelezwa na kuombwa idhini. Usitie sahihi usichokielewa. Uliza kipimo kinatafuta nini, kibonge kinapelekwa wapi, na kama kitatumika kwa utafiti pia. Unaweza kukubali matibabu na ukakataa utafiti, na mtoto asinyimwe huduma kwa ajili hiyo. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za jeni za mtu kuwa habari nyeti zinazopaswa kulindwa.

Kuhusu pesa, kumbuka kwamba tangu Oktoba 2024 bima ya SHA imechukua mahali pa NHIF. Hakikisha mtoto ameandikishwa chini ya jina lako. Uliza mapema ni nini kinacholipiwa na ni nini utakachotoa mfukoni. Ukikwama, mwombe muuguzi akuelekeze kwa afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali. Kumwona afisa huyo si aibu. Yupo kwa ajili hiyo.

Mambo ya kukumbuka

Limfoma ya Burkitt hutibika, na watoto wengi wamepona kwa dawa, hasa walioletwa mapema na kumaliza matibabu.

Kipande cha uvimbe huhifadhiwa ndani ya nta na kinaweza kupimwa tena. Jua kilipo, na ujue namba yake.

Hitilafu ya jeni iliyo ndani ya uvimbe haikutoka kwa mama wala kwa baba.

Matibabu ya haraka yasingoje kipimo kinachoweza kufuata.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

Je, katika mtaa wenu mtoto akivimba taya hupelekwa wapi kwanza? Ni nani katika familia yako anayeweka karatasi za hospitali, na je, zingepatikana leo usiku kama zingehitajika? Mngemwambia nini mama anayelaumiwa kwa ugonjwa wa mtoto wake?

Basi, mpenzi msikilizaji, tumefika mwisho kwa leo. Yule mpwa wako aliyeshuka basi alfajiri, safari hii mamake ana daftari mkononi, na ndani yake pana namba. Daktari akiuliza kipande kiko wapi, atajibiwa papo hapo. Mwambie na jirani yako. Hadi tutakapokutana tena, tunza mtoto, nawe ujitunze. Kwaheri.